Jaramogi Aliporudi Maseno

Mhariri wetu alituagiza mwaka huu tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutuaga duniani. Wenzangu wengi walikimbilia Shaaban Robert, wengine Mekatilili wa Menza. Mimi nimemchagua hayati Jaramogi Oginga Odinga.

Najua kuna watakaonung'unika. Watasema huyo anajulikana na kila mtoto wa Kisumu. Barabara kuu ya mji wetu ina jina lake, hospitali kubwa ya rufaa ina jina lake, na chuo kikuu kilichoko Bondo kina jina lake pia. Subirini kidogo. Sitaki kuandika sana juu ya Jaramogi wa siasa, maana huyo tunamsoma katika somo la historia. Nataka kuandika juu ya Jaramogi mwanafunzi wa zamani.

Sababu yangu ni ule ukuta. Nyote mnaujua. Uko nyuma ya maabara, umefika kwenye linta ukasimama hapo, na ndani yake pameota nyasi ambazo mbuzi wa majirani huzila wakati wa prepu. Ukuta ule ulikuwa uwe maktaba. Ulianzishwa na chama cha wanafunzi wa zamani wa shule yetu, wale tunaowaita olboizi. Kisha wakakosana na shule. Shule inasema wao waliahidi na hawakuleta. Wao wanasema walileta na hawakuonyeshwa hesabu. Kila upande una lake, nami si hakimu.

Lakini jambo hili linanigusa, kwa kuwa baba yangu ni mmoja wao. Baba ni fundi wa baiskeli na pikipiki pale Kibuye. Alisoma hapa hapa akamaliza kidato cha nne. Siku ya harambee ya maktaba aliacha kazi yake, akavaa shati jeupe, akaja. Viti vya mbele chini ya hema vilikuwa vya wenye magari. Majina yalisomwa kwa kipaza sauti, kuanzia aliyetoa nyingi hadi aliyetoa kidogo, na kabla ya kumfikia yeye msomaji alichoka akasema wengine wote wamepokelewa kwa shukrani. Haya aliyeniambia ni mama, si yeye. Tangu siku hiyo, barua ya shule ya kuwaita wanafunzi wa zamani ikifika nyumbani, baba huikunja vizuri na kuiweka chini ya sanduku la spana.

Basi nikajiuliza: mwanafunzi wa zamani ni nani hasa kwa shule yake? Ni mfuko wa pesa tu? Ndipo nikaanza kusoma juu ya Jaramogi.

Ajuma Oginga Odinga alizaliwa katika kijiji cha Nyamira Kang'o huko Bondo, na inakisiwa kuwa ilikuwa mwaka wa 1911. Siku hizo tarehe za kuzaliwa hazikuandikwa. Alianza masomo katika shule ya Maranda, karibu na kwao. Kutoka hapo alikwenda Maseno, shule ya wamisheni wa Kianglikana iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Maseno mnaipita mkipanda matatu ya kwenda Busia, pale kwenye kibao cha Ikweta. Baada ya Maseno alisoma Alliance huko Kikuyu, kisha akavuka mpaka hadi Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Kwa mtoto wa kijijini wa wakati ule, hiyo ilikuwa safari ndefu kushinda ya leo ya kwenda Ulaya.

Hapa sharti nirudi nyuma kidogo, maana Jaramogi hakuwa wa kwanza kutoka Maseno na kufanya jambo. Mnamo Desemba 1921, Odinga akiwa bado mtoto wa miaka kama kumi, watu walikusanyika Lundha huko Gem. Waliowaita walikuwa vijana waliosoma Maseno, wengine wao wakiwa walimu. Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti, Benjamin Owuor akawa katibu, Simeon Nyende akawa mweka hazina. Watu waliliita vuguvugu hilo Piny Owacho, maana yake nchi imenena. Walilalamika juu ya kipande, kodi ya nyumba, na Kenya kufanywa koloni mwaka wa 1920. Katika madai yao walitaka pia serikali ijenge shule.

Hilo lilinishangaza. Hawa walikuwa wamekwisha kusoma na kupata kazi. Wangeweza kunyamaza na kula mshahara wao. Badala yake walidai shule kwa ajili ya watoto ambao hata hawakuwajua. Wala hawakusema kwamba kwa kuwa walisomeshwa na wazungu basi waseme ndiyo kwa kila jambo. Walitumia kusoma na kuandika walikofundishwa Maseno kuandika malalamiko. Mwaka wa 1923 Archdeacon Owen, mmisheni, aliingia akawa msimamizi wao na chama kikageuzwa jina na sura, lakini mbegu ilikuwa imeshapandwa.

Sasa turejee kwa Odinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa amerudi Maseno, safari hii akiwa mwalimu, na somo lake lilikuwa hesabu. Baadaye akawa mkuu wa shule ya serikali ya mifugo iliyokuwa pale pale Maseno. Kwa hiyo shule iliyomlea sasa ilikuwa na mtoto wake ndani ya chumba cha walimu. Huu ndio mchango wake wa kwanza kama mwanafunzi wa zamani, nao haukuwa wa pesa. Alirudisha kichwa chake.

Lakini msidhani mambo yalikuwa laini. Odinga hakuwa mtu wa kukubali kila kitu. Alikuwa amebatizwa kwa majina ya Biblia, Obadiah Adonijah, na baadaye akayaacha. Alipotaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, lilizuka zogo, kwa kuwa kasisi hakukubali. Yeye naye hakulegeza. Aliona kwamba mtu anaweza kumwomba Mungu bila kuazima jina la ng'ambo. Katika kazi pia alivutana na wakubwa wake wazungu, na katikati ya miaka ya 1940 akaacha ualimu.

Wasomaji wengine watasema: basi huyo aligombana na shule yake, atakuwaje mfano kwetu? Mimi naona hapo ndipo alipo mfano. Kugombana na nyumbani si kuhama nyumbani. Mtoto anayemwambia mzazi wake kwamba hapa umekosea bado ni mtoto wa mle. Odinga hakusema Maseno haikumfaa kitu, wala hakuacha kuitumia elimu yake kwa faida ya watu wa kwao. Alichokataa ni kunyamaza.

Na je, baada ya kuacha chaki alifanya nini? Sikilizeni hapa, maana ndipo utamu ulipo. Alipokuwa bado mwalimu, yeye na wenzake walianza kuweka akiba kidogo kidogo katika chama cha Bondo. Kutoka kwenye akiba hiyo likazaliwa shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, lililoandikishwa mwaka wa 1947. Siku hizo karibu kila duka la maana lilikuwa la Wahindi, na Mwafrika alidhaniwa hawezi biashara. Odinga alitaka kuonyesha kwamba Waafrika wakiweka senti zao pamoja wanaweza kuwa na duka, na jengo, na kiwanda cha uchapaji. Walianza na maduka pale Maseno, karibu kabisa na shule. Hapa Kisumu wakajenga Ramogi House. Wakachapa pia magazeti ya kusomwa na watu wetu.

Pesa zilitoka wapi? Hazikutoka kwa tajiri mmoja mwenye gari. Zilitoka kwa hisa za watu wa kawaida: walimu, makarani, wafanyakazi wa reli, wavuvi, wakulima. Odinga alisafiri huku na huko akiwaeleza watu, mmoja mmoja na kikundi kwa kikundi. Kazi hiyo inachosha. Kuna walionunua hisa na kuna waliomcheka. Pia shirika lenyewe lilipata taabu nyingi, kwa sababu biashara ni biashara, na si kila aliyepewa duka alijua kuliendesha. Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawasawa. Lakini haba na haba ilijaza kibaba, na waliokuwa hawajawahi kumiliki hata kioski wakajua maana ya kuwa na hisa.

Katika miaka ya 1950 Odinga alichaguliwa kuwa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Luo Union. Chama hicho kilikuwa na matawi kila mahali Wajaluo walikokwenda kutafuta kazi, Nairobi, Mombasa, Kampala na kwingineko katika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1953 Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na kiongozi katika Luo Union, aliuawa kwa risasi. Wanachama wakaamua kumjengea ukumbusho hapa Kisumu. Wakachanga, na ukumbi wa Ofafa ukasimama pale Kaloleni. Nimepita hapo mara nyingi nikienda sokoni bila kujua kwamba kila tofali lake lilitoka kwa mtu aliyekuwa mbali na kwao. Waliochanga hawakuwa wanakaa Kisumu. Wengi wao pengine hata hawakuuona ukumbi huo ulipokwisha. Hata hivyo walituma.

Siasa nitaipitia mbio mbio. Mwaka wa 1957 Odinga alimshinda Ohanga akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka wa 1958 alisimama barazani akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa watu, jambo ambalo wengi waliogopa hata kulinong'ona. Uhuru ulipatikana Desemba 1963, na mwaka uliofuata akawa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Jambo moja la miaka hiyo sitaliruka, kwa kuwa linahusu elimu. Kenya ilikuwa inakaribia uhuru huku wasomi wake wakihesabika. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga katika ziwa letu hili, aliwapeleka vijana Marekani kwa ndege kuanzia mwaka wa 1959. Odinga naye alitembelea nchi za upande wa Mashariki mwaka wa 1960, na kupitia kwake vijana wengi wakapata nafasi za kusoma Urusi, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Serikali ya kikoloni haikufurahi, hata ikamnyang'anya pasipoti. Viongozi hawa wawili walikuwa mahasimu katika siasa, lakini wote wawili walijua jambo moja: aliyesoma ana deni, na deni hilo hulipwa kwa anayefuata nyuma, si kwa aliyemtangulia.

Mambo yalimgeukia mwaka wa 1966. Baada ya mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, Odinga alijiuzulu umakamu akaanzisha chama cha KPU. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja hapa Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Ndiyo maana mpaka leo wazee huiita Russia. Maneno makali yalirushwa, fujo ikatokea, na polisi wakafyatua risasi. Watu walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini hadi mwaka wa 1971. Hospitali ile ile ndiyo leo inayoitwa kwa jina lake. Dunia ina vituko vyake.

Miaka mingi alikaa pembeni. Mwaka wa 1991, akiwa mzee wa miaka themanini hivi, alikuwa miongoni mwa waliounda FORD kudai vyama vingi. Mwaka wa 1992 aligombea urais akashindwa, akaingia bungeni na kuongoza upinzani. Alifariki hapa Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa kwao Nyamira Kang'o. Leo pale pana makumbusho, na shule nyingi huenda kutembelea. Sisi bado hatujakwenda. Naomba kamati ya safari isikie hilo.

Nadhani sasa mmeanza kuona ninakoelekea. Nimejifunza mambo matatu kutoka maisha haya, na yote nayaleta mbele ya ule ukuta.

La kwanza, mwanafunzi wa zamani si mfuko. Odinga alirudi Maseno kwanza kama mwalimu, pesa zikaja baadaye. Katika wanafunzi wa zamani wa shule yetu mna mafundi, wauguzi, wavuvi wa Dunga, mama wauza omena, madereva wa matatu, na karani mmoja wa benki. Je, tumewahi kumwita mmoja wao atueleze kazi yake siku ya Ijumaa baada ya vipindi? Tumewahi kumwambia fundi mwashi njoo na mwiko wako? Sisi huwaita siku ya harambee tu. Mtu akiitwa nyumbani siku ya kuchanga tu, mwisho huacha kuitika.

La pili, ndogo za wengi zinashinda kubwa ya mmoja. Ukumbi wa Ofafa haukungoja mheshimiwa. Napendekeza majina ya wanaochangia yaandikwe kwa mpangilio wa alfabeti, bila kutaja kiasi, na anayetoa siku moja ya kazi aandikwe sawasawa na anayetoa noti.

La tatu ni gumu, nalo nalisema kwa adabu kwa pande zote mbili. Mwanafunzi wa zamani ana haki ya kuuliza, na shule ina haki ya kuuliza pia. Odinga alivutana na waliomlea na hakuacha kuwa mwana wa Maseno. Kwa hiyo anayeuliza hesabu asionekane adui wa shule, na mwalimu anayeuliza ahadi ilikwenda wapi asionekane ombaomba. Tukiogopa kuulizana, tutabaki na ukuta na mbuzi.

Kuna jambo jingine linalonifanya niwe na haraka. Sisi wa kidato cha tatu ndio kundi la mwisho la mtaala wa 8-4-4. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili, kuna wadogo zetu wa Gredi ya 10 walioingia kwa mtaala mpya. Tutakapofanya mtihani wetu na kuondoka, neno fomu litaondoka nasi. Sisi ndio tutakuwa olboizi na olgeli wa mwisho wa namna yetu. Tukitoka tukasahau, nani atawaambia wale wa Gredi ya 10 kwamba ukuta ule si choo kilichoachwa, bali ni maktaba yao?

Kabla sijaipeleka insha hii kwa mhariri nilimsomea baba. Ilikuwa jioni, alikuwa akiziba pancha ya baiskeli ya mteja, na beseni la maji liko mbele yake. Nilisoma yote, hata ile sehemu ya shati jeupe, nikiwa na hofu kwamba atakasirika. Hakukasirika. Aliendelea kuzungusha tyubu ndani ya maji akitafuta mapovu. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: siku hizi daftari la hesabu la maktaba anaweka nani, na mtu akitaka kulitazama anakwenda wapi?

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo swali hilo nalileta kwenu, walimu wangu na wenzangu, kama nilivyolipokea. Siku tutakapokuwa na jibu, nitampelekea baba jioni hiyo hiyo. Nafikiri barua iliyo chini ya sanduku la spana itakunjuliwa.